Mkia wa Kanda

Ukifika kwa Fundi, kabla hujasema umeleta nini, ulioneshwa beseni la maji. Lilikaa juu ya kigoda karibu na mlango, na kando yake kipande cha sabuni ya mche na taulo lililokuwa safi kuliko mashati yake yote. Mwenyekiti wa kijiji alinawa. Katekista alinawa. Mama aliyetoka shambani na udongo hadi viwikoni alinawa mara mbili. "Kanda haikujui wewe ni nani," alisema. "Inajua mafuta ya vidole vyako tu."

Tulikuwa majirani kwa karibu miaka ishirini. Vyumba vyetu vilikuwa katika jengo moja la matofali ya kuchoma pale senta ya Kituntu, tukitenganishwa na ukuta mwembamba kiasi kwamba alijua lini sindano yangu imevunjika. Upande wangu cherehani. Upande wake redio, saa za ukutani na, miaka ya baadaye, video. Aliniita Fundi mwenzangu. Mimi nilimwita Fundi, kama watu wote, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Nieleze kidogo kazi yake, maana wajukuu zangu wanadhani picha hutoka kwenye simu kama maji kwenye bomba. Siku zile mtu mwenye kanda ya harusi hakuwa na pa kuitazamia. Umeme haukuwepo huku kwetu. Deki za video zilikuwa chache sana, na kila moja ilikuwa na jenereta yake na ugomvi wake. Kwa hiyo kanda ilifungwa kwenye khanga, ikawekwa sandukuni, ikatazamwa mara moja kwa mwaka au isitazamwe kabisa. Lakini albamu ilikuwa karibu kila nyumba yenye kochi. Mgeni akiingia, kabla ya chai, alipewa albamu. Basi walichotaka watu kilikuwa rahisi kusema na kigumu kufanya: uwatoe watu kwenye kanda, uwaingize kwenye albamu.

Fundi aliweka televisheni mezani, akaweka kamera ya kawaida mbele yake juu ya stendi ya miguu mitatu, akaichezesha kanda mpaka pale anapopataka, akaisimamisha, kisha akaipiga picha ile picha. Filamu ikijaa alimpa mtu wa basi aipeleke Bukoba kusafishwa. Baada ya wiki mbili, au tatu kama mvua ilikuwa imekata barabara, bahasha ilirudi.

Bahasha ya kwanza ilitufanya tucheke mwezi mzima. Alikuwa ametumia flashi. Picha zote thelathini na sita zilionesha kioo cheupe cha televisheni, na katikati ya kioo tumbo la Fundi na mikono yake miwili imeshika kamera.

"Fundi," nilimwambia, "hii harusi ina bwana harusi mmoja tu, na amevaa shati lisilo na kifungo."

"Na wewe mshonaji unaliona halina kifungo kila siku, unapita," alijibu.

Nikakishona kifungo. Siku iliyofuata alikuja na mita nne za kaniki nyeusi na mchoro alioufanya nyuma ya bahasha. Alitaka kitambaa kitakachoanzia kwenye televisheni na kuishia kwenye kamera, kisipitishe mwanga hata chembe. Nilimshonea kitu kama sketi pana yenye mpira kiunoni na mpira kwenye pindo. Kiuno kilibana kamera, pindo likabana televisheni. Tuliiita sketi ya televisheni, na wateja walioiona mara ya kwanza walidhani mashine imefiwa.

Ilibaki shida moja. Picha zilitoka na mstari mweusi uliokata watu vifuani. Fundi aliusumbukia kwa wiki kadhaa, kisha akaja kunieleza mlangoni kwangu kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. Televisheni haichori picha yote kwa mara moja, alisema; huichora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kama mwanamke anayesuka mkeka. Kamera ikiwa na haraka, inaukuta mkeka haujaisha. "Mpe nafasi amalize," alisema. Tangu hapo aliiacha kamera ifumbue jicho lake polepole, na mstari ukatoweka. Maneno hayo aliyatumia kwa kila kitu. Mtoto akisoma kwa kukwama: mpe nafasi amalize. Mjane akieleza shida yake kwa kuzunguka zunguka: mpe nafasi amalize.

Na bado hakuwa mtu mvumilivu. Kwa mashine alikuwa na subira ya mama anayenyonyesha. Kwa watu ilitegemea siku. Hakuvumilia mtu anayeimba kazini. Alikuwa Mlutheri aliyepiga video za kipaimara za Wakatoliki kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, na kila mara alirudi akilalamika kwamba misa ni ndefu. Alisema anachukia harusi. Watu wa hapa walimtania kwamba ni Mhaya aliyepotea njia akielekea mjini, naye akawajibu kwa Kinyambo chetu, kibovu cha makusudi, mpaka wakacheka wao.

Mwaka wa vita vya Kagera, kabla sijamzoea, alitengeneza redio za nusu ya tarafa. Kila mtu alitaka kusikia majeshi yamefika wapi. Watu walijaa dirishani kwake, na saa ya taarifa ya habari ikifika Fundi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akatafuna punje zake za kahawa ya kuchemsha. Niliwahi kumuuliza kwa nini hasikilizi. "Kazi yangu ni sauti itoke," alisema. "Kinachosemwa ni chenu." Niliamini hivyo ndivyo alivyo. Nilikosea.

Nilianza kuona kosa langu siku alipokuja mjane wa kibarua mmoja. Mume alikuwa Mrundi aliyeishi huku tangu ujana, akilima migomba ya watu na kuwabebea mizigo. Yule mama alinawa mikono, akakaa, mikono yake ikiwa mitupu.

"Kanda iko wapi?" Fundi aliuliza.

"Sina kanda, waitu. Sisi hatukufanya harusi ya kupigwa video. Lakini harusi za wenzetu zote alikuwepo. Nimesema labda umemwona."

Fundi aliwasha jenereta siku hiyo na siku tatu zilizofuata. Wenye kanda walikuwa wameacha nakala kwake, kwa kuwa nyumba zao zilivuja, na yeye alizihifadhi kwenye kabati pamoja na vifuko vya mkaa wa kunyonya unyevu. Alizipitia zote. Alimpata yule bwana katika sehemu kumi na moja. Kabeba kreti za soda. Kabeba benchi. Kabeba mtungi wa pombe ya rubisi, kabeba ndizi, kabeba bibi mzee mgongoni kumvusha kwenye tope. Mjane alizipanga zile picha kumi na moja kwenye meza yangu ya kukatia, kwa sababu ya Fundi ilikuwa imejaa.

"Hata moja hajakaa chini," alisema. Hakulia. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akachagua ile ya bibi mgongoni. "Hii. Hapa alikuwa anafurahi."

Habari ikasambaa. Ndugu yangu, kama hukuishi Kagera miaka ile sijui nikuelezeje bila kukuchosha kama tulivyochoka sisi. Vijana walikuwa wanakwisha kwa ule ugonjwa. Ulizika Jumanne, ukazika Ijumaa. Mimi nilishona nguo nyeusi nyingi kuliko sare za shule. Na wengi wa waliokufa hawakuwahi kukaa mbele ya kamera kwa ajili yao wenyewe. Walikuwa wasindikizaji, wapishi, wabebaji, wacheza ngoma wa mstari wa tatu. Walikuwemo nyuma ya harusi za watu.

Fundi akanunua daftari la kurasa mia mbili. Deki ilikuwa na namba zinazotembea kanda inapocheza, naye aliandika namba na anachokiona. Nalikumbuka vizuri kwa sababu mara nyingi alinipa niandike mimi, mwandiko wangu ukiwa unasomeka. "Harusi ya Bugomora, 0412: mzee wa kofia ya sufu, anafuta macho. 0977: msichana na sinia la ndizi za ebitoke, anacheka na mtu asiyeonekana." Mtu akija kutafuta, Fundi alimwuliza siyo tu jina la marehemu bali alivaa nini, alicheza vipi, alikuwa na tabia gani ya mikono. Picha ikipatikana, alitoa mbili: moja ya familia, moja ya albamu zake mwenyewe. Albamu hizo zilifika tisa. Aliziita Maktaba. Siku ya gulio watu waliingia, wakanawa, wakafungua kurasa taratibu. Sheria zilikuwa mbili: usivute karatasi ya juu, na ukitaka kulia geuza uso.

Si wote waliopenda. Mzee mmoja aliyemwoza binti yake kwa mbwembwe alimjia juu. "Fundi, harusi yangu si makaburi."

"Najua, mzee wangu," Fundi alisema. "Ndiyo maana nawatafuta humo."

Mzee alisimama kidogo, akanawa mikono.

Tabia nyingine niliiona bila kuifikiria. Kaseti ya video ina kijino kidogo cha plastiki mgongoni. Kikiwepo, unaweza kurekodi kitu kipya juu ya cha zamani na cha zamani kikafutika. Ukikivunja, mashine inakataa. Fundi hakumpa mtu kanda yake bila kukivunja kijino mbele ya macho yake kwa ncha ya kisu. Alifanya hivyo kwa ukali, kama mtu anayeua kupe. Kuna msimu nilifagia vijino vyeusi kutoka kwake hadi kwangu. Sikumbuki akifanya hivyo miaka ya mwanzo. Kilikuwa kitu kilichoanza.

Sasa nifike kwangu.

Mdogo wangu alikufa akiacha mtoto wa miezi saba, Kokushubira, tunayemwita Koku. Mume alikuwa ametangulia. Mtoto nikamchukua mimi. Tulikuwa na picha moja tu ya mdogo wangu, ya darasa la saba, kwenye fremu. Masika bati likavuja, picha ikagandamana na kioo. Nilipojaribu kuibandua, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande na karatasi ikabaki na kola ya shule.

Lakini nilijua kitu kimoja. Mwaka kabla ya kuugua, mdogo wangu alikwenda Kibingo kuhudumia harusi ya upande wa mume wake. Alivaa gauni la maua ya njano nililomshonea mimi nikiwa bado najifunza mikono, na mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole viwili. Alikataa nirekebishe. "Acha, utanitambua kwa mbali," alisema. Na video ya harusi ile ilipigwa na Fundi.

Baada ya arobaini nilimwendea. Nilinawa.

"Ile harusi ya Kibingo, Fundi. Alikuwemo."

Alikuwa anasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Hakuinua uso. "Ile mwenyewe aliikataa," alisema.

"Najua aliikataa. Kanda iko wapi?"

"Nitatazama."

Sababu ya kukataliwa ilijulikana kote, ilikuwa kichekesho cha mwaka. Harusi ilikuwa ya Novemba, msimu wa senene wetu wa kukaanga. Sherehe ilichelewa, giza likaanza kuingia, Fundi akawasha taa ya kamera. Senene wakaifuata taa. Walianguka kama mvua, na wageni, waliokuwa wamekaa wamenyooka wakisubiri zawadi, wakaacha viti. Watu wazima na suti zao wakapiga magoti kwenye majani. Mabeseni ya chakula yakamwagwa yapate kujazwa senene. Baba wa bibi harusi alipoletewa kanda akaitazama mpaka mwisho, akairudisha. "Nimemwoza binti," alisema, "wewe umeniletea panzi."

Nitatazama. Nililisikia neno hilo kwa miaka. Nilimwuliza kila masika, picha ya darasa la saba ikinirudia. Koku alipoanza kutembea nilimwuliza. Alipoanza shule nilimwuliza. Aliwatafutia watu wa Bugomora, wa mbali kabisa, wa mpakani kule mtoni, watu waliofika asubuhi na kuondoka jioni na picha. Kwangu mimi, ukuta mmoja kati yetu: nitatazama. Kuna wakati nilidhani ananiona sistahili. Kuna wakati nilichoka kudhani. Koku akawa anauliza maswali ya mtoto: mama alikuwa mweupe au mweusi, alikuwa na mwanya, mimi nimechukua nini kwake. Nilimjibu, na kila nilipomjibu niliona kwamba mimi mwenyewe nabuni. Uso ulikuwa unanitoka. Nilikumbuka mkono wa gauni kuliko macho.

Kisha macho ya Fundi yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alianza kuchomelea redio kwa kupapasa, akaungua, akaacha. Alifunga chumba cha senta, akahamishia kabati, deki na sketi ya televisheni nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Nilimpelekea uji na habari. Daftari halikuongezeka tena.

Koku alikuwa anakaribia miaka kumi, Novemba, siku Fundi alipomtuma mtu: niende, niende na mtoto, na niende mchana.

Tulimkuta amevaa shati safi. Beseni lilikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Babu," Koku alisema.

"Marahaba. Nawa, mwanangu. Na mama yako mkubwa anawe."

Tukakaa. Juu ya meza palikuwa na kaseti moja. Aliiwekea kiganja chake juu, kama unavyomtuliza kuku.

"Fundi mwenzangu," alisema, "hii ni ya Kibingo. Iliporudishwa ilikaa kwangu miezi minne. Kanda mpya zilikuwa hazipatikani. Kikaja kipaimara kule Bugomora, nami nimeshaahidi. Nikaiweka hii kwenye kamera, nikarekodi kipaimara juu ya harusi. Mdogo wako alikuwa mzima. Nilipita hapo mlangoni kwako nikamwona anakula muwa."

Koku alinitazama, akamtazama yeye.

"Ulipokuja kuniuliza, niliitazama usiku uleule. Harusi ilijaza kanda nzima, urefu wa saa tatu. Kipaimara kilikwisha mapema kidogo. Kwa hiyo kipaimara kikiisha zinakuja chenga, halafu harusi inarudi. Mkia umebaki. Dakika nane. Ni wale senene."

"Yumo?"

"Nadhani yumo. Niliona gauni la njano. Nikazima."

"Miaka tisa, Fundi."

"Miaka tisa."

"Nimekuja kwako nikiwa na mtoto mgongoni. Kwa nini hukuniambia una dakika nane?"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. "Kwa sababu ungeniuliza zile nyingine ziko wapi," alisema.

Nilitaka kuinuka. Nakiri hivyo. Niliwaza vijino vyote nilivyofagia, na nilitaka kumshika Koku mkono tutoke na tusirudi. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu mara nyingine hukukalisha pale ambapo hasira ingekuondoa. Nikauliza, "Itacheza?"

Hapo akawa tena yule Fundi wa mlangoni, anayeeleza hata asipoulizwa. Kanda ilikuwa imeota kuvu, alisema, kwa sababu aliogopa kuigusa. Kucheza itacheza. Kusimama ndiyo hatari. Picha ikisimama, kanda imesimama lakini kichwa cha deki kinaendelea kuzunguka na kuisugua palepale, na kanda yenye kuvu haivumilii. Labda ingesimama mara moja. Labda mbili. Yeye angeshika kitufe, vidole vyake vilikijua. Kamera ilikuwa tayari, na waya wa kufyatulia tulimpa Koku: abonyeze, ahesabu mpaka mbili, aachie. Mimi ningechungulia kwenye tundu la pembeni la sketi. "Mimi sioni," alisema, "na mtoto hamjui. Anayemjua ni wewe. Ukimwona uso, sema simama."

Jenereta ikawaka nje. Kwaya ya kipaimara ikaimba kwa sauti iliyotetemeka, askofu akainua mkono, chenga zikaja. Kisha majani, miguu, taa, na senene wakipita mbele ya lenzi kama makapi yanayopepetwa. Watu wakaanza kucheka ndani ya televisheni. Niliwatambua mmoja mmoja, na wengi wao nilikuwa nimewashonea nguo za mwisho.

Mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole viwili.

Alikuwa ametupa mgongo, ameinama, beseni ubavuni. Akainuka. Alitembea jinsi alivyotembea, kisigino kikitua kwa nguvu. Akageuka. Na mimi, niliyengoja miaka tisa kusema neno moja, sikulisema. Nilitaka aendelee kutembea. Alivuka kioo chote, akatoka upande wa pili.

"Amepita?" Fundi aliuliza.

"Amepita."

"Hukusema."

"Sikusema."

Hakunilaumu. Alirudisha nyuma taratibu; deki ilipiga kelele kama mlango wenye kutu. "Mpe nafasi," alisema, sijui akimwambia nani. Majani tena, miguu, taa. Mgongo. Aliinuka, kisigino kikatua, akaanza kugeuka.

"Simama," Koku alisema.

Kidole cha Fundi kilishuka. Kamera ikafumbua jicho. Moja, mbili. Ndani ya deki kitu kikakwaruza, kisha kikakatika, na kioo kikawa bluu. Fundi alizima, akatoa kaseti kwa kupapasa, na utepe ukamfuata mikononi, umekunjamana kama utumbo wa samaki.

"Ulijuaje?" nilimwuliza Koku. "Wewe humjui."

"Sikuwa naangalia televisheni," alisema. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Uliacha kupumua."

Wiki tatu tulingoja bahasha, kwa kuwa mvua ilikata barabara. Katika filamu ile kulikuwa na picha moja tu iliyopigwa. Nilimpa Koku aifungue. Aliitazama, akaenda nayo kwenye kioo changu cha wateja, akaweka picha kando ya shavu lake, akakaa hapo mpaka mteja mmoja akamwomba apishe.

Jumapili tulimpelekea Fundi nakala yake. Sikuwa nimemsamehe kwa namna ya kusema, na yeye hakuomba kwa namna ya kusema. Tulikaa kwenye benchi lake. Akaniambia, "Nieleze."

Nikamweleza polepole, kama yeye alivyonieleza mambo yote. Kwamba hakuna mstari mweusi. Kwamba chini kuna chenga kidogo, zinaishia kidevuni. Kwamba beseni limejaa na senene mmoja amekaa begani kwake, kwenye maua ya njano. Kwamba ana mwanya, na mwanya huo Koku hana, lakini paji la uso ni lilelile.

"Amefumba mdomo au anacheka?"

"Anacheka sana."

"Anatazama wapi?"

Nilikuwa sijajiuliza. Niliitazama tena. "Anakutazama wewe, Fundi. Anatazama kamera."

"Senene aliniingia ndani ya shati," alisema. "Lile lisilo na kifungo, kabla hujakishona. Nilirukaruka na kamera begani."

"Basi alikuwa anakucheka."

"Alikuwa ananicheka," alisema.

Akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akalipata beseni. Alinawa taratibu, vidole vyote, akafuta kwa taulo. Kisha akanyoosha mikono, viganja juu, na Koku akamwekea picha akiishika pembeni, kama alivyofundishwa.